Siku Ishirini na Tatu

Hesabu iliyoniaibisha kuliko zote sikuifanya darasani. Niliifanya Kpandroma, wakati wa likizo, kwa kalamu ya bluu, nyuma ya daftari ambamo mjomba wangu huandika magunia yanayoingia na kutoka. Ilikuwa na mistari mitatu tu. Jibu lake lilikuwa siku 23, nami nikalizungushia duara kwa furaha ya mtu aliyekimbilia kitivo cha lugha ili asikutane tena na hesabu, kisha akakuta kwamba bado anaziweza.

Kwa msomaji asiyepajua, Kpandroma ni kituo cha biashara katika eneo la Djugu, upande wa Walendu Pitsi, karibu na misheni ya Rethy. Ni nchi ya vilima na baridi; asubuhi nyingine ukungu hukataa kuondoka mpaka jua limepanda sana. Viazi na maharagwe ya huko huliwa hadi Bunia. Mjomba ana depo pale, si kubwa. Wakulima na wachuuzi huweka magunia yao wakingoja gari, naye hutoza kidogo kwa kila gunia. Ukimwuliza anauza nini, atakuambia hauzi kitu. Lakini mimi naona anauza uaminifu: mtu anaacha magunia kumi, anarudi baada ya wiki mbili, anakuta kumi. Katika eneo ambako, tangu mwisho wa 2017, watu wengi wamekimbia nyumba zao na wengine wamerudi bila karatasi ya kuonyesha kwamba kitu fulani kilikuwa chao, uaminifu huo si jambo dogo.

Ndiyo maana alinunua kamera. Zilikuwa nne, pamoja na kinasa chake, plaki za jua na betri za kuwasha mitambo hiyo. Ndani ya kinasa kulikuwa na diski ya terabaiti 1. Mimi niliwahi kumsaidia rafiki yangu wa Bunia kufunga vitu kama hivyo, na kwa mjomba hilo lilitosha. Tulipomaliza kuvuta nyaya, alisimama mbele ya kile kisanduku, mikono nyuma, akauliza:

«Mujomba, hii masini itachunga mambo siku ngapi?»

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, nami nilidhani ni jepesi. Kamera hutuma picha kama mkondo, na mkondo hupimwa kwa biti zinazopita kila sekunde. Biti nane ni baiti moja. Siku ina sekunde 86,400. Kwa hiyo mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde, ukizidisha kwa 86,400 na kugawa kwa 8, huwa megabaiti 10,800, yaani gigabaiti 10.8 kwa siku. Anayeishika namba hiyo moja kichwani anaweza kukadiria karibu mfumo wowote wa kamera. Nilifungua ukurasa wa kinasa, nikasoma: kila kamera ilikuwa inatuma kama megabiti 1. Nne mara 10.8 ni gigabaiti 43.2 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 ni gigabaiti 1,000. Gawa: siku 23. Baada ya hapo kinasa huanza kufuta za zamani ili kuandika mpya.

Mjomba huhesabu magunia kila baada ya wiki mbili. «Tuko na siku tisa za juu,» nikamwambia.

Aliyefurahi kuliko sisi sote alikuwa mlinzi wa usiku, zamu kama tunavyomwita kwetu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti zito la kijani, na alinitania kwa kuniita Mwalimu. Alikuja akatazama kioo, akajiona mwenyewe amesimama uani, akacheka.

«Sasa niko na shahidi,» akasema.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya kuhesabu, magunia sita ya maharagwe hayakuonekana. Tulihesabu mara tatu. Kisha zamu mwenyewe, kabla mtu hajamtuhumu, akasema: «Muangalie mu masini. Miye nilikuwa hapa.»

Tuliangalia. Picha ya zamani kuliko zote ilikuwa ya siku tisa nyuma. Katika picha hiyo ya kwanza lundo la maharagwe lilikuwa tayari limepungua safu ya juu, na kwa siku zote tisa zilizofuata halikuguswa. Magunia yalikuwa yametoka katika siku tano za mwanzo, na siku hizo tano kinasa kilikuwa kimekwisha kuzifuta.

«Si mulisema siku makumi mbili na tatu?» zamu aliuliza. Hakupaza sauti. Alinitazama mimi, si mjomba.

Mjomba alimlipa mwenye magunia kutoka mfukoni mwake, kisha akakata nusu ya mshahara wa zamu. Hakumwita mwizi. Alisema tu kwamba mali ilipotea usiku au mchana, na usiku ulikuwa wake. Mzee alipokea nusu iliyobaki, akaihesabu polepole, akaondoka. Jioni ile hakurudi kazini. Magunia yale hatujui mpaka leo yalikwenda wapi. Huenda yalipakiwa kwa makosa siku ya soko, mchana kweupe, pamoja na mzigo wa mtu mwingine. Huenda yaliibwa. Kilichoweza kutuambia nilikuwa nimekikadiria vibaya.

Nilirudi Bunia na ukurasa ule wa daftari ndani ya kitabu cha sarufi, na huko, katikati ya masomo ya isimu, nikaanza kuelewa kosa langu.

Nilianza kwa kujiuliza picha hizo zingekuwa na ukubwa gani kama zisingebanwa. Picha ya kamera za mjomba ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa wima, yaani zaidi ya milioni 2. Kila nukta inahitaji biti 24 kueleza rangi yake, na kwa sekunde moja zinapita picha 25. Zidisha: megabiti 1,244 kwa sekunde, kwa kamera moja. Kwa kamera nne, diski ya mjomba ingejaa kwa dakika 27 hivi. Mimi nilikuwa nimesoma megabiti 1. Basi kilichosalia ni sehemu moja tu katika 1,244. Zile nyingine zote zilikuwa zimekwenda wapi?

Jibu liko katika njia ya kubana. Njia inayotumika sana katika kamera, H.264, ilitoka mwaka 2003, iliyoifuata, H.265, ilitoka 2013, na kwa kawaida hutoa picha ya ubora uleule kwa nusu ya nafasi hivi. Zote mbili zina wazo moja la msingi. Kila baada ya muda mfupi kamera hutuma picha kamili. Zinazofuata hazitumwi kamili. Hutumwa mabadiliko tu. Ukuta haujasogea? Usiuandike tena. Mtu amepiga hatua? Andika hatua.

Sisi wa kitivo hiki tunaifahamu njia hiyo tangu tulipofundishwa kiambishi -ka-. Tunasema: mjomba alifika, akafungua mlango, akahesabu magunia, akaondoka. Kitenzi cha kwanza kina -li-, nacho kinabeba wakati wote wa habari. Vinavyofuata havirudii wakati huo. Vinasema tu kilichobadilika na kuegemea cha kwanza. Futa «alifika», na «akafungua, akahesabu, akaondoka» vinabaki vikining'inia: lini? Ndivyo ilivyo kwa kinasa. Umeme ukikatika kidogo na picha kamili ikapotea, zinazofuata huonekana kama matope ya kijivu yanayoburutana mpaka picha kamili nyingine ifike.

Nilipoliona hilo, kosa langu la kwanza lilijitokeza lenyewe. Ikiwa kamera huandika mabadiliko tu, basi mkondo wake hauna ukubwa mmoja. Hukua na kupungua kwa kadiri ya mambo yanayotokea. Na mimi nilipima lini? Jumapili alasiri, depo imefungwa, watu wako nyumbani baada ya ibada, upepo umetulia. Nilipima usemi wa mtu aliyelala, kisha nikakadiria ataongea maneno mangapi sokoni.

Wakati wa Noeli nilirudi Kpandroma nikapima wiki nzima bila kubadilisha chochote, nikiandika asubuhi, mchana, jioni na usiku. Kamera ya mlango mkubwa, inayotazama barabara, ilikuwa na wastani wa megabiti 4.6; siku ya soko ilipanda juu zaidi, maana kila mtu, kila pikipiki, kila mbuzi ni badiliko la kuandika. Ya uani ilikuwa 2.8. Mbili za ndani zilikuwa 1.1 kila moja. Jumla ni 9.6, na 9.6 mara 10.8 ni gigabaiti 104 hivi kwa siku. Diski ya gigabaiti 1,000 inajaa katika siku tisa na nusu. Kinasa hakikudanganya hata kidogo.

Kosa la pili lilinishangaza zaidi. Nilidhani usiku ni nafuu, kwa kuwa hakuna kinachotokea. Lakini kwenye giza jicho la kamera huongeza nguvu ili lione, na pamoja na picha huongeza chenga: nukta ndogo zinazowaka na kuzimika bila maana. Kwa macho yetu hizo ni vumbi. Kwa mashine kila nukta ni badiliko, nayo huliandika kwa bidii. Mvua nayo huandikwa, mstari kwa mstari. Utando wa buibui uliokuwa ukicheza mbele ya kamera ya uani ulikula nafasi kuliko mtu anayepita. Nilipoufuta kwa kitambaa, mkondo ulishuka palepale.

Hapo ilinibidi nifikirie upya neno ambalo walimu wetu hulitumia bila kulitukana: ziada. Mwaka 1948 Claude Shannon, aliyeweka msingi wa nadharia ya mawasiliano, alikadiria kwamba karibu nusu ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza ni ziada, yaani herufi ambazo zingeweza kukisiwa kutokana na zilizotangulia. Kiswahili nacho kinayo. «Vitabu vyangu vyote vizuri vimepotea»: tumesema mara tano kwamba tunazungumzia vitu vya ngeli moja. Katika mitaa ya Bunia mtu atasema «bitabu yangu yote imepotea», na amebana tayari. Wala hakuna asiyeelewa. Lakini nenda kwenye kelele za soko, poteza neno la kwanza, na yule aliyesema vyangu-vyote-vizuri bado amekuachia alama ya kufuatia. Ziada ndiyo inayookoa habari siku ya kelele. Anayebana lazima ajue anatupa nini, na nani atakihitaji.

Nilikuwa na vitufe vingi vya kubania, na kila kimoja kilikuwa na bei yake. Nilibadilisha kutoka H.264 kwenda H.265, na hapo nafuu ilikuwa kubwa. Nilipunguza picha za kamera ya mlango kutoka 25 kwa sekunde hadi 12. Mkondo ulipungua, ingawa si kwa nusu, kwa sababu picha za mabadiliko tulizoziondoa zilikuwa ndogo tangu mwanzo. Kisha, kwa tamaa, niliilazimisha kamera hiyohiyo isizidi megabiti 0.8. Siku zikaongezeka vizuri kwenye karatasi. Lakini wenye magunia Kpandroma huyapaka alama za rangi ili wayatambue, na kwenye picha ile alama nyekundu na alama ya kahawia zilikuwa kitu kimoja, na nyuso za wapakiaji zilikuwa viraka. Tungekuwa na siku nyingi za ukungu. Nilirudisha nyuma.

Kilibaki kitufe kimoja, ambacho rafiki yangu wa Bunia alinisihi nikitumie: rekodi pale tu panapokuwa na mwendo. Depo tupu haiandikwi kabisa, nafasi inabaki tele. Nilikaribia kukubali. Nikamkumbuka mzee wa koti la kijani.

Yeye alitaka tuone nini siku ile? Hakutaka tumwone mwizi. Alitaka tuone usiku ambao hakuna aliyeingia, na yeye ameketi kwenye kiti chake, saa baada ya saa, hafanyi kitu. Kwa mwenye mali, saa hizo ni ziada, nafasi inayopotea bure. Kwa mlinzi ndizo ushahidi wenyewe. Mwenye hatia huonekana katika sekunde chache za mwendo, ilhali asiye na hatia huonekana katika saa tupu. Mfumo unaotupa saa tupu umekwisha kuamua, kabla ya kesi yoyote, kwamba utatafuta wezi tu na hautamtetea mtu. Kitufe kile nilikiacha kimezimwa.

Ndipo nikarudi kwenye swali la mjomba, na kuona kwamba mara ya kwanza nililijibu kinyume. Nilianza na diski nikaishia kwenye siku. Safari hii nilianza na watu. Jioni moja, tukiota moto jikoni, nikamwuliza:

«Mujomba, mutu anakawia siku ngapi mbele ya kuuliza?»

Alifikiri. Akaniambia kuhesabu ni kila wiki mbili, ndiyo. Lakini mkulima anaweza kuugua. Gari linaweza kukwama kwenye matope ya barabara ya Bunia. Kuna mchuuzi aliyewahi kurudi baada ya mwezi mzima kulalamika kwamba alipewa gunia pungufu. Kutokana na maneno hayo tulipata siku 30, tukaongeza 10 za kusikilizana, kwa sababu watu hawafungui kinasa siku ileile wanayogombana. Siku 40.

Sasa hesabu. Kwa mipangilio mipya kamera zote nne zilikuwa na jumla ya megabiti 5.2, wastani wa siku saba zenye soko, mvua na usiku ndani yake. Mara 10.8 ni gigabaiti 56 hivi kwa siku. Mara siku 40 ni karibu 2,250. Niliongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya mambo nisiyoyajua, maana nilikwisha kujifunza kwamba yapo: karibu 2,700. Diski ya terabaiti 3 ingetosha. Tuliyoipata Bunia ilikuwa ya 4, ambayo ingechunga siku zaidi ya 70.

Mjomba alifurahi, akataka zote. Mimi nilisita. Mbele ya mlango ule hupita kijiji kizima: nani kauza, nani kanunua, nani kasafiri na nani, nani karudi lini. Katika eneo lililopita tulimopita sisi, kisanduku kinachojua hayo kwa miezi miwili kinaweza kutamaniwa na mtu asiye na haja ya maharagwe. Nchi yetu tangu 13 Machi 2023 ina sheria-amri namba 23/010 ya mambo ya kidijitali, yenye sehemu inayolinda habari za watu binafsi. Lakini hata bila sheria hiyo, mjomba alielewa haraka. Tuliweka kinasa kifute kila kilichozidi siku 45. Kusahau mapema mno kulimwumiza mtu mmoja. Kukumbuka kupita kiasi kungeweza kuwaumiza wengi.

Jambo la mwisho halikuwa la hesabu. Nilimwomba mjomba amrudishie mzee nusu ya mshahara wake. Alisema hana ushahidi kwamba mzee hakuiba. Nikamwambia hatuna ushahidi kwamba aliiba pia, na kwamba ushahidi uliopotea ulipotea mkononi mwangu, si mwake. Kama lazima mtu akatwe, nikatwe mimi. Alinyamaza mpaka moto ukafifia. Kabla sijarudi Bunia alinipa bahasha, akanielekeza kwa mtu anayejua kwao mzee. Sikupewa jibu, na sikulitarajia.

Daftari lile bado liko depo. Mjomba alitaka kuuchana ukurasa, nikamwomba auache. Duara langu la bluu lingali pale, na ndani yake 23, limepigwa mstari mmoja mwembamba ili lisomeke. Chini yake nimeandika hesabu mpya. Juu ya hesabu hiyo hakuna namba. Kuna swali: mtu anakawia siku ngapi kabla ya kuuliza?